Katika Kuusifu Uchafu wa Maji Yetu

Washairi wa kila zama wameyasifu maji, na ni nadra kumwona mwenye kalamu aliyelipita ziwa asiliite kioo. Lakini katika sifa zote hizo, zilizoenea tangu pwani hata bara, sijapata kuona ubeti mmoja uliotungwa kwa heshima ya kile kilichomo ndani ya maji hayo, mgeni asiyealikwa, ambaye hushuka milima, hupita katika bomba, huingia nyumbani mwa watu bila ya kubisha hodi, na kisha hutukanwa na watu wale wale waliomzaa. Dhulma hii imedumu vya kutosha. Mimi, mkazi wa Bukoba mwenye jamaa Muleba, na kwa hiyo mwenye haki ya kunywa katika miji yote miwili, nimekusudia kuulipa Uchafu wa maji deni la shukrani ambalo jamii yetu imelikawiza, na namwomba msomaji anisikilize kwa insafu, ikiwezekana akiwa na glasi ya maji mkononi.

Sifa za mtukufu yeyote huanza na nasaba, na nasaba ya Uchafu wetu si ya kuonewa haya. Mto Kagera, ulio mkubwa kuliko mito yote inayolilisha Ziwa Viktoria, huanzia katika milima ya Rwanda na Burundi, hukusanya udongo wa mashamba ya nchi nne, na huufikisha ziwani karibu na mpaka wetu na Uganda; basi tope letu lina ukoo wa kimataifa, na limekuwa likivuka mipaka pasi na hati ya kusafiria tangu kabla ya kuwapo jumuiya yoyote ya Afrika Mashariki. Lakini tawi la ukoo lililo karibu nasi zaidi ni lile la Mto Kanoni, ambao hukatiza mji wa Bukoba kwa adabu ya karani wa posta, ukipokea kila unachokabidhiwa bila ya kuuliza kilichomo: povu la kufulia, mafuta ya gereji, mabaki ya soko, na yale ambayo vyoo vya mabondeni hushindwa kuyazuia mvua inaponyesha. Na mvua ya Bukoba si haba, kwani hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, yaani karibu mara mbili ya ile ya Dar es Salaam. Amana zote hizo Kanoni huzipeleka ziwani, na ziwa lilo hilo ndilo mji unalochotea maji yake ya kunywa.

Hapo ndipo ilipo fadhila ya kwanza ya Uchafu, nayo ni uaminifu. Fedha tuliyomkopesha ndugu hairudi. Mtoto tuliyemsomesha kwa jasho huhamia Dar es Salaam akaja kututazama Krismasi. Kahawa yetu hunywewa na watu tusiowajua katika miji tusiyoifika. Bali Uchafu tuliouaga darajani asubuhi hautafuti maskani mengine, wala haulewi uzuri wa ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, ambamo ungeweza kupotea salama milele, ila huzunguka ufukweni kwa mapenzi mpaka upate njia ya kurejea kwa wenyewe. Wahaya wa kale walimjua Mugasha, mwenye enzi ya ziwa na tufani, na nadhani mtu anayemwogopa mwenye nyumba hufikiri mara mbili kabla ya kumwaga ndoo mlangoni pake. Sisi tumestaarabika, Mugasha tumemwacha, na hofu yake tumeiacha pamoja naye.

Wasioujua Uchafu huudhania kuwa ni tope tu. Tope, nalipa haki yake, ndilo kaka mkubwa wa ukoo na ndilo lililo kweli kuliko nduguze: mvua ikipiga usiku, alfajiri hujitokeza bombani na rangi yake, halijifichi wala halijisingizii ujamaa na yeyote, na mama wa nyumba akiliona huiweka ndoo pembeni litulie. Kutu ya bomba kuukuu nayo ina adabu hiyo hiyo. Hutia nguo nyeupe rangi ya chai, na mwenye kulalamika yafaa akumbushwe kwamba wazee wetu walikuwa wakiyeyusha chuma pale Katuruka, karibu na Maruku, yapata miaka 2,000 iliyopita, wakitoka jasho mbele ya tanuri, ilhali sisi chuma hutufuata jikoni.

Lakini wenye makuu hasa ni wadogo zake tope, wale bakteria wa kinyesi ambao mtaalamu huwatafuta kwa kumwita mmoja wao, Escherichia coli, awe shahidi wa wengine. Na sheria ni kwamba katika mililita 100 za maji ya kunywa asionekane hata mmoja. Ni mkuu gani wa dunia hii ambaye kuwapo kwake peke yake, bila ya hotuba wala msafara wa magari, hubatilisha tangi zima? Hana rangi, hana harufu, hana ladha. Ukitaka kuonana naye sharti uende maabara, umtengee chakula na joto, ungoje hata kesho, na huo ni utaratibu wa heshima kuliko ule wa kuonana na mkurugenzi.

Na joho alipendalo kuliko yote ni uangavu. Katika vilima vya Muleba, upande wa Kamachumu na Nshamba, maji ya chemchemi hutoka chini ya mwamba yakiwa baridi na maangavu, na mwenyeji humpa mgeni kikombe kwa fahari ile ile ambayo angempa kahawa, akisema kwamba haya si maji ya mjini yenye dawa. Juu ya chemchemi pana migomba, juu ya migomba pana nyumba, na nyuma ya nyumba pana shimo la choo. Na maji ya mvua, ambayo hayakusomeshwa mipaka ya viwanja, hushuka kwa njia iliyo fupi. Mzee mmoja wa Kamachumu niliyemweleza habari hizi alinicheka sana. “Waitu,” akasema, “maji ni ya kuogea na ya kunyweshea ng’ombe, mimi hunywa lubisi, na lubisi halijapata kumlaza mtu.” Sikuwa na moyo wa kumuuliza ni nini kilichoongezwa katika juisi ya ndizi ili mtumbwi wa pombe hiyo ujae, wala ni wapi kilikochotwa. Tena katika visiwa vya wilaya hiyo, kama Bumbire na Goziba, ambako mwamba hukataa jembe la mchimba choo na kambi za wavuvi hujaa na kupungua kwa kufuata dagaa, ufuko mmoja hutumika kwa shughuli zote za mwanadamu, na huko Uchafu hauna haja hata ya safari.

Fadhila ya pili ni riziki. Ondoa Uchafu katika maji ya Mkoa wa Kagera leo, na kesho mwuza mkaa atapoteza wateja wa kuchemsha, mwenye duka la dawa atabaki na makopo ya vidonge, mwuza maji ya chupa atarudi kuuza soda, na semina za usafi, zilizolisha watu wengi wali na kuku, zitakosa mada. Mwanzoni mwa karne hii, Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa lilipoanzisha mpango wa maji na usafi kwa miji ya Ziwa Viktoria, Bukoba na Muleba ziliandikwa katika orodha moja na Kisii na Homa Bay za Kenya, Masaka na Kyotera za Uganda, na Mutukula ya mpakani. Senene wetu hawakutufikisha katika orodha ile, wala ndizi zetu.

Hata elimu ya tiba ni mdeni wake. Mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street huko London, tabibu John Snow alihesabu maiti wa kipindupindu nyumba kwa nyumba mpaka hesabu ikamfikisha kwenye pampu moja, mkono wa pampu ile ukaondolewa, na ulimwengu ukaanza kujifunza kwamba maradhi yaweza kunyweka. Miaka 30 baadaye Robert Koch akamtangaza mdudu mwenyewe. Na Koch huyo huyo ndiye aliyekuja kukaa katika ziwa letu, visiwani Sese upande wa Uganda, mwaka 1906 na 1907. Alifuata malale, si maji, lakini napenda kudhani kwamba Uchafu ulimtambua, ukamsalimu kwa mbali kama mtu asalimiavyo hakimu aliyekwisha kumfunga. Kwetu Tanzania ulitupa mpango wa mwaka 1971, ulioahidi kwamba ndani ya miaka 20 kila mwanakijiji angepata maji safi karibu na nyumba yake, na kampeni ya redio ya “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kuwachimbisha vyoo kwa wingi. Mwaka 1991 ulifika, ukapita. Uchafu haukuahidi kitu, na kwa hiyo haukuvunja ahadi yoyote.

Adui wake mkubwa ni klorini, ambayo wenyeji huiita dawa tu, na katika vita vyao ndipo subira ya Uchafu inapodhihiri. Dawa yataka maji yawe yamekwisha kuchujwa, kwa kuwa tope huila dawa kabla ya dawa kuwala wadudu. Yataka muda upatao nusu saa. Na baada ya hapo yapasa ibakie kidogo, baina ya miligramu 0.2 na 0.5 katika lita, iyasindikize maji hata bombani. Uchafu hauna haraka na mambo hayo. Hungoja siku maji yatakapokatika, presha ianguke, na bomba lililopasuka chini ya mtaro, ambalo jana lilikuwa likivujisha nje, leo livute ndani. Aghalabu pia hupata msaada kwetu wenyewe: siku dawa imetiwa sawasawa, mtaa mzima hulalamika kwamba maji yananuka, na siku haikutiwa hapana alalamikaye, watu hunywa wakashukuru. Sina mtumishi wa mamlaka ya maji ninayemwonea wivu.

Tena bomba husingiziwa mengi. Maji yaliyotoka safi hutiwa katika dumu lililopata kubeba mafuta ya taa, humiminwa katika ndoo isiyo na kifuniko, na huchotwa kwa kikombe ambacho mkono wake ni mfupi na vidole vya mchotaji ni virefu; kisha mtoto akiendesha, baba hutoka nje kulitazama bomba kwa ghadhabu. Nyumba ya mwenye uwezo huchemsha, na maji yakichemka hasa, si kupata vuguvugu tu, hapana mdudu wa ukoo huo anayebaki hai. Hata hivyo Uchafu umewaandalia matajiri hidaya yao. Mbolea ya mashamba, sabuni na maji ya vyoo hulisha mwani wa kibuluu-kijani unaotanda juu ya ziwa, hasa katika ghuba za Mwanza na Winam, na sumu ya mwani huo haivunjwi na moto wa jiko. Mwenye kuchemsha huwaua wadudu akaihifadhi sumu. Gugu maji nalo, lililoshuka kwa Mto Kagera kuelekea mwaka 1990 likiwa na maua ya kupendeza, liliziba bandari mpaka wakaletwa wadudu wa kulila.

Husemwa kwamba Uchafu haubagui, na wasifiaji wenzangu wangependa niiandike hiyo kuwa ni fadhila ya tatu. Siwezi. Mtu mzima huumwa tumbo siku mbili akarudi kazini. Mtoto asiyefika miaka mitano, ambaye maji ya mwili wake ni machache na kituo cha afya kiko mbali, aweza kumalizwa na kuhara kabla baba hajapata nauli. Hapo Uchafu hubagua, na hubagua vizuri kuliko sisi tunavyogawa mabomba.

Yaliyobaki ni tuzo. Mtukufu aliyewatumikia watu kiasi hiki hastahili kuishia mtaroni, nami napendekeza apewe kiti cha kudumu katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, Bukoba na Muleba sawia, siku zile ambapo ajenda ya vyoo husogezwa mbele kwa sababu ya uhaba wa muda. Asubuhi ya kikao liletwe jagi la maji yaliyochotwa papo hapo, ya bomba kwa kata za mjini na ya chemchemi kwa kata za vilimani, yasichemshwe, yasitiwe dawa, na chupa zile zenye lebo ziondolewe mezani. Glasi zijazwe. Mheshimiwa diwani, kwa kuwa ndiye mwenyekiti, aanze yeye, na ajenda zisifunguliwe mpaka kila mjumbe awe ameimaliza yake.