Wabeba Ngao

Hekaya nyingine huanza na "hapo zamani za kale". Hii ina tarehe, maana wageni wake walikuja na karani.

Januari 1788 merikebu zilitia nanga Sydney, akashuka Mheshimiwa Beberu na kundi lake la Kondoo. Walimkuta Bibi Kangaruu ufukweni, mtoto mfukoni, na Mzee Emu pembeni yake. Ukoo wao ulikuwa pale kwa zaidi ya miaka 50,000. Beberu akatazama kulia, akatazama kushoto, akamwambia karani, "Andika: nchi haina mwenyewe." Karani akachovya kalamu, kisha akamwomba Bibi Kangaruu asogee kidogo, maana alikuwa amemziba asiuone utupu vizuri.

Malisho yakapata hati, visima vikapata walinzi. Watoto wakachomolewa mifukoni mwa mama zao, wakapelekwa mazizi ya mbali wafundishwe kulia mee. Hilo liliendelea mpaka karibu na 1970, na wengi hawakuijua tena njia ya kurudi.

Mwaka 1908 nchi ikataka nembo ya taifa. Kondoo alijaribiwa kwanza, akaila karatasi. Ndipo wakaitwa Bibi Kangaruu na Mzee Emu, wakasimamishwa huku na huku, wakakabidhiwa ngao waishike. Walisifiwa kuwa ni viumbe wasiorudi nyuma. Ni kweli, nyuma yao palikuwa na uzio.

Usidhani nembo ilikuwa kinga. Mwaka 1932 Emu walipoingia kwenye ngano kule Australia Magharibi, walitumiwa wanajeshi wenye bunduki za rashasha (na wanajeshi wakashindwa, ila hiyo ni hekaya nyingine). Bibi Kangaruu naye alialikwa siku moja kwenye dhifa ya Baraza. Sahani ilikuwa nzuri, ya kaure, na ukingoni ilinakshiwa kwa dhahabu picha yake mwenyewe ameshika ngao. Katikati, chini ya mchuzi, palikuwa na mkia wa binamu yake.

"Kula, Bibi," alisema Beberu. "Chakula cha asili. Tunauenzi utamaduni wenu."

Heshima zikazidi. Kasa wa visiwani alishtaki miaka kumi, na mwaka 1992 mahakama ikakiri kwamba karani wa kwanza alikosea, nchi ilikuwa na wenyewe. Kasa hakuisikia hukumu, alikufa miezi michache kabla. (Wanadamu wanaijua kesi hiyo kwa jina la Eddie Mabo.) Tarehe 13 Februari 2008 Baraza likaomba radhi kwa ajili ya wale watoto. Walilia wote, Kondoo na Kangaruu, na mimi siyakejeli machozi yale. Nakejeli kilichofuata: kila kikao kikaanza kufunguliwa kwa kuwashukuru wenye ardhi, waliotangulia na waliopo, halafu ajenda ya kwanza ikawa kuigawa ardhi.

Mei 2020, siku tatu kabla ya Wiki ya Upatanisho, wachimba chuma walilipua mapango ya Juukan, ambako dalili za maisha zilirudi nyuma miaka 46,000. Humo kulikuwa kumepatikana kipande cha mshipi wa nywele zilizosukwa miaka 4,000 iliyopita, na vipimo vikaonyesha ni nywele za wazee wa watu walio hai leo, wa palepale. Kibali cha kulipua kilikuwa halali. Kina muhuri, na kwenye muhuri, unajua tena, Bibi Kangaruu ameshika ngao.

Hapo ombi lao lilikuwa na miaka mitatu mezani. "Mheshimiwa, mikono imechoka," Bibi Kangaruu alikuwa amesema kule Uluru, 2017. "Tupeni kiti. Hata si cha kuamua. Cha kushauri tu, mnapotujadili."

"Kiti kitatugawa," wakasema Kondoo waliokuwa wamekalia viti vyote.

Oktoba 2023 ikapigwa kura. Ikapita kauli zizini: usipojua, kataa. Kondoo hawakujua, kwa kuwa hawakuuliza. Sita katika kila kumi wakakataa, na majimbo yote sita yakakataa. Wapo hata Kangaruu waliokataa, baadhi wakisema kiti chenyewe ni kigoda.

Kikao kilichofuata, Beberu alianza kuwashukuru wenye ardhi. Bibi Kangaruu akaachia ngao. Ikalala upande.

"Bibi, itaanguka!"

"Ishikeni nyinyi."

Wakaitwa Kondoo kumi. Kondoo hana mikono. Ikabidi Baraza, huku limeiegemeza ngao kwa mgongo wa karani, limuulize Bibi Kangaruu anataka nini.

"Mkataba," alisema. "Wenye sahihi mbili."

Beberu akasema jambo hilo halijapata kuonekana. Mzee Emu akakohoa. "Kiwi wa ng'ambo, New Zealand, anao tangu 1840."

"Na umemsaidia?" Beberu akauliza, kwa uchungu ambao hakuwahi kuuonyesha kabla.

"Ardhi walimnyang'anya vilevile, Mheshimiwa. Ila akienda kuidai, ana karatasi ya kuwaonyesha."