Nani Anakula Intaneti?

Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam intaneti haiishi, huliwa. Maji yakikatika tunalaumu bomba, umeme ukikatika tunalaumu nguzo, ila intaneti ikipungua lazima awepo binadamu aliyeila, na mara zote binadamu huyo ni kijana mwenye simu yenye kioo kikubwa. Sisi ni mawakala wa forodha. Kazi yetu ni kujaza nyaraka kwenye mfumo mpaka kontena la mteja litoke bandarini. Kile kiduara cha kusubiri kikianza kuzunguka kwenye kioo, gharama za bandari nazo zinazunguka, mteja anapiga simu, na bosi akishakata simu hiyo hutoka ofisini kwake na swali lake moja: "Nani anakula intaneti?"

Mtu wa kompyuta ni mimi. Barua yangu ya ajira inanipa cheo kirefu, lakini kwa vitendo ndiye ninayeitwa printa ikimeza karatasi, na feni ya dari ikipiga kelele pia naitwa. Swali la bosi nililijibu kwa miaka mingi kwa kuzima ruta na kuiwasha tena, dawa ambayo watu wa fani yetu tutazikwa nayo. Mwisho bosi akachoka na dawa hiyo. Akaenda kwenye maonyesho ya biashara, akarudi na kadi ya muuzaji wa vifaa vya kufuatilia mtandao.

Muuzaji alikuja mwenyewe, kijana nadhifu, shati limenyooshwa hadi mikunjo inakata. Akaweka mezani kijisanduku cheusi chenye matundu manne ya waya na taa moja ya kijani. "Mzee, hiki ni kuchomeka tu," akamwambia bosi. "Kila kinachopita kwenye jengo lako utakiona." Bosi akaiangalia ile taa ya kijani kwa mapenzi ambayo mimi, pamoja na utumishi wangu wote, sijawahi kuyapata.

Kweli, programu iliyokuwa ndani yake ni ya watu wanaojua kazi. Inaitwa ntopng, na mzizi wake ni programu ya ntop aliyoianzisha Mwitaliano Luca Deri huko Pisa mwaka 1998. Ina grafu za kila rangi. Sisi tukachomeka tu, kama tulivyoagizwa, tukasubiri.

Ripoti ya kwanza ilikuwa fupi mno. Katika jengo zima, aliyeongoza kwa kutumia mtandao ni printa ya mapokezi.

Zamani ofisi ziliunganishwa kwa habu, na habu ilikuwa haina siri: inachopokea inakirusha kwenye kila waya, mwenyewe ajichukulie. Swichi za siku hizi zina adabu. Humpelekea kila mmoja chake, basi. Kwa hiyo kijisanduku kikikaa kwenye tundu lake la kawaida hakipati mambo ya wengine. Kinasikia tu yale yanayotangazwa kwa wote: kompyuta zikiulizana nani mwenye anwani fulani, na printa, ambayo kutwa kucha hujinadi kwamba ipo, iko tayari na inachapa rangi. Nilimweleza bosi hayo yote. Akanisikiliza kwa heshima, akaisoma ripoti tena, akaagiza printa ichomolewe. Kwa siku kadhaa nyaraka za forodha zikawa zinachapwa steshenari ya jirani, karatasi moja moja, kwa fedha taslimu, huku kile kiduara kikiendelea kuzunguka.

Muuzaji alipopigiwa simu alishangaa kwamba sisi hatuna swichi ya kunakili tundu. Alikuwa nayo moja dukani, na profoma yake alikuwa ameshaiandika.

Fundi akaja akaifunga. Kazi yenyewe si ngumu: unaiambia swichi kwamba kila kinachoingia na kutoka kwenye tundu la ruta, nakala yake itupwe kwenye tundu namba 24, na hapo ndipo kijisanduku kinapokaa. Ila tundu la namna hiyo, kwenye swichi nyingi, halifanyi kazi nyingine. Linamwaga nakala tu. Ukichomeka kompyuta ya kawaida pale, intaneti huioni. Fundi alitueleza hayo, tukaitikia, tukafunga kabati. Funguo ya kabati ikabaki mlangoni, maana kabati hilo pia ndimo zinamokaa glasi za wageni.

Siku ya usafi mkubwa, dada wa usafi alilifungua, akaliona vumbi, akachomoa nyaya mbili zilizokuwa zinamzuia kufuta, na akazirudisha vizuri zaidi ya alivyozikuta: bluu pamoja na bluu, kijivu pamoja na kijivu. Kwa macho ilipendeza. Muda si mrefu mama mhasibu akanipigia. "Mwanangu, barua pepe hazifunguki na mkaguzi yuko hapa mbele yangu." Nikashuka. Kompyuta yake ilikuwa inapokea nakala ya kila kitu cha ofisi nzima, isipokuwa barua pepe zake. Na kwa kuwa kompyuta zina nidhamu, kila kisichoandikiwa jina lake ilikuwa inakitupa bila kukisoma. Yeye alikuwa anaona tu kwamba hakuna intaneti, na mkaguzi alikuwa anaona kwamba mama mhasibu hataki kumwonyesha kitu. Kijisanduku nacho kikawa kimehamia kwenye tundu lake. Jioni hiyo ripoti ilipotoka, printa ilikuwa imerudi kileleni, na bosi akauliza, kwa sauti ya mtu aliyesalitiwa, ni nani amethubutu kuichomeka tena.

Nyaya ziliporudi mahali pake ndipo tulipoanza kuona mambo. Kwanza tukaona wingi wa vifaa. Ofisi ni ya watu wachache, lakini orodha ilikuwa ya kijiji. Simu zenye Android 10 na kuendelea, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, hujibunia anwani ya bandia kwa kila mtandao zinaojiunga nao. Sisi tuna Wi-Fi ya ofisi, ya wageni na ya bosi (nywila ya bosi inajulikana na kila mtu isipokuwa wageni), hivyo simu moja inaingia kwenye orodha kwa sura tatu tofauti.

Halafu yapo majina. Kompyuta zina majina ya kiwandani, yamejaa herufi na namba, lakini simu hupewa jina na mwenyewe, na wakati anaipa alikuwa hajui kwamba siku moja litasomwa kwenye kikao. Kulikuwa na "Usiniguse". Kulikuwa na "Mama wa Kwanza", na hadi leo hakuna aliyejitokeza. Na kileleni kabisa, akila peke yake kuliko idara ya nyaraka nzima, alikuwepo "Simba Damu". Bosi ni Yanga wa kuzaliwa. Aliposoma jina hilo aliweka miwani mezani. Mashabiki wa Simba wa ofisini wakaitwa mmoja mmoja, simu zikakaguliwa, maneno yakatoka ambayo hayakuhusu mtandao, hadi refa wa mechi fulani akatajwa. Baada ya wiki ya uhasama ikagundulika kwamba "Simba Damu" ni simu ya dereva wetu, Yanga mwenye kadi ya uanachama. Aliinunua imeshatumika, pale Kariakoo, na hakuwahi kufungua ukurasa wa kubadilisha jina. Siku hiyo hakusikitika kwamba amekamatwa anapakua sinema. Alisikitika kwamba kwa muda wote ule amekuwa akitembea na jina hilo mfukoni.

Dada wa rasilimali watu ndiye aliyekumbusha kwamba ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwamba wafanyakazi wanapaswa kuelezwa taarifa zao zinatazamwa vipi. Alikuwa sahihi. Akaandika tangazo, akalibandika juu ya mtungi wa maji: MTANDAO HUU UNAFUATILIWA. Hakuongeza neno lingine, na nadhani hapo ndipo kijisanduku kilipoanza kufanya kazi kwa dhati.

Watu wakaanza kuja kuungama.

Sikuwa nimewaita. Dada wa mapokezi alikuja wa kwanza, akafunga mlango nyuma yake: "Kaka, mimi nilikuwa naangalia bei ya mawigi tu, sikununua." Kijana wa nyaraka akaja kuniambia kwamba mikeka ninayoiona si yake peke yake, wanachangiana watatu, na akawataja wenzake. Mzee mmoja wa idara ya usafirishaji, ambaye mimi humwamkia shikamoo, alikuja akasimama, akatazama kijisanduku, akatazama sakafu, akasema, "Mwanangu, yule mama ni binamu yangu," kisha akaondoka. Hadi leo sijui ni mama yupi. Sahani ya maandazi ikaanza kupita mezani kwangu kila asubuhi, ambayo zamani ilikuwa inaishia kwa mhasibu.

Ukweli ni kwamba kijisanduku hakikuwa kimeona lolote kati ya hayo. Karibu kila kitu siku hizi hupita kwenye mlango namba 443 kikiwa kimefungwa kwa fumbo. Ni bahasha iliyobandikwa gundi: anayetuma unamwona, anayepelekewa unamsoma, uzito wake unaujua, yaliyomo huyajui. Jina la tovuti hulipata kwa sababu simu huuliza njia kwa sauti, kupitia mlango namba 53, kabla ya kuanza safari. Kwa hiyo naweza kusema mtu fulani alikuwa YouTube. Kama alikuwa anasikiliza mahubiri au anaangalia ngumi, hilo ni baina yake na Mola wake. Niliwaeleza hivyo kwenye kikao, mpaka kwa michoro. Walisikiliza wote kwa makini, na mwisho kijana wa nyaraka akamnong'oneza mwenzake, nikamsikia: "Ameambiwa na bosi aseme hivyo."

Nani basi alikuwa anakula intaneti? Jibu lilitoka lenyewe kwenye grafu, na nililisoma mara nyingi kabla ya kuthubutu kulipeleka juu. Jumanne hadi Ijumaa mambo ni ya kawaida. Jumatatu, kuanzia saa 2 asubuhi, mstari wa data inayopanda unaruka hadi dari na kukaa huko mpaka karibu na adhuhuri. Inayopanda, siyo inayoshuka. Hakuna aliyekuwa anakula kitu. Ofisi ilikuwa inatapika.

Zilikuwa ni harusi. Jumamosi watu wako ukumbini. Ndafu inaingia, MC anapiga kelele, na kila mwenye simu anasimama kumrekodi yule mbuzi mzima akiwa na majani mdomoni, akipita baina ya meza kwa mwendo wa pole kwenye mabega ya wapishi waliovaa kofia ndefu. Mbuzi mmoja, video thelathini. Kwa kuwa bando ni ghali, simu zimewekwa kwamba picha na video zihifadhiwe mawinguni pale tu zinapopata Wi-Fi. Jumapili hazipati. Jumatatu wenye simu wanaingia ofisini, wanasalimiana, na kabla hawajakaa, yule mbuzi ameanza kupaa, kutoka kila mfuko na kila pochi, kwa wakati mmoja.

Na njia yetu ya kupandisha ni nyembamba. Kila kipande cha data kinachoshuka kutoka kwenye mfumo lazima kompyuta yako ijibu kwamba kimefika, na jibu hilo hupanda kwa njia ileile. Likikuta foleni ya ndafu linasubiri, upande wa pili unadhani kipande kimepotea au umelemewa, unapunguza mwendo, na mwagizaji wa matairi aliyeko Mbeya anaambiwa kontena lake bado. Nilivyomweleza bosi, alicheka hadi akatoa leso, halafu akanyamaza ghafla. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mojawapo ya sherehe hizo, na video ya dakika arobaini, ya hotuba yake mwenyewe, ilikuwa miongoni mwa zilizopanda.

Nikaweka sharti kwenye ruta kwamba simu zisipandishe mafaili makubwa kabla ya saa 12 jioni. Mfumo ukafunguka. Wateja wakapunguza simu. Bosi akaamini kabisa, na hapo ndipo matatizo yangu yalipohamia kwingine, kwa sababu sasa lile swali la zamani limekufa na limezaliwa jipya. Intaneti ikisita hata kwa dakika mbili anatoka mlangoni: "Harusi ya nani?"

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini, njia ya kuelekea Afrika Kusini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi Afrika Mashariki. Ofisini kwetu Jumatatu hiyo grafu ilikuwa imelala chali. Bosi alifika kwangu saa 2 na dakika chache.

"Harusi ya nani?"

"Bosi, leo si harusi. Nyaya za baharini zimekatika."

Akatazama dirishani, ambako kati ya majengo mawili bahari inaonekana kidogo, shwari kabisa. "Kifaa kinaonyesha hivyo?"

"Kinaonyesha hakuna kinachopita."

"Kwa hiyo bahari hakijaionyesha."

Akamwita dada wa mapokezi alete kadi zote za mialiko zilizopita pale wiki hiyo. Zikaja tatu: kipaimara, kitchen party na send-off. Ya kipaimara akaiweka pembeni, ya kitchen party akaiangalia kidogo akaiacha. Ile ya send-off akaisoma mbele na nyuma, akapitia jina la ukumbi, akanigeukia.

"Hawa," akasema, "walialika watu wangapi?"