Sifa za Ubao Usiobeba Kitu

Watu husifu kilicho rahisi kusifiwa: embe bivu, bibi harusi, mvua iliyokuja kwa wakati. Mimi nausifu ubao wa kunakili wa Linux, ule unaomtoa jasho mpiga chapa wa steshenari pale Kitomanga huku mteja amesimama mlangoni na basi la Lindi linapiga honi.

Kwanza, ni mkarimu. Windows hukupa ubao mmoja. Linux inayotumia X11, mfumo wa madirisha wa mwaka 1987, hukupa wa Ctrl+C na mwingine unaojijaza wenyewe kila unapoteua maandishi kwa kipanya, ukamwagwa kwa kitufe cha katikati. (Upo hata wa tatu, ambao karibu hakuna programu inayoujali, nao tuuheshimu kwa subira yake.) Basi mpiga chapa akinakili jina la muuza shamba, akabandika na kupata bei ya ufuta, asiseme kaibiwa. Kapewa, ila si kutoka pale alipotia mkono.

Pili, ni mwaminifu kupita kiasi. Ukinakili kwenye X11, hakuna kilichobebwa. Programu inatangaza tu kwamba mali iko kwake, anayeitaka aifuate. Wakulima wa korosho wanaijua stakabadhi ghalani: karatasi mkononi, mzigo ghalani. Funga programu kabla hujabandika, na ghala limeondoka na korosho zake. Wasio na shukrani huuita uaminifu huo hitilafu.

Kwenye dirisha la amri ndiko adabu inakofundishwa. Huko Ctrl+C hainakili kitu. Inakatisha kazi inayoendelea. Anayetaka kunakili aongeze Shift, kama mtu anayepiga hodi. Halafu ukaja mfumo mwingine wa madirisha, Wayland, ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, ukaleta haya: dirisha lisilo mbele halionyeshwi kilichomo ubaoni.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Tukapata kuhangaika kwa lugha yetu wenyewe, na hilo si jambo dogo.

Ila sifa kubwa naiona kwenye barua za maombi ya kazi. Larry Tesler na wenzake wa Xerox walipolainisha kukata, kunakili na kubandika miaka ya 1970, hawakujua wanaziletea steshenari zetu barua moja yenye waombaji mia. Ubao unaotii hubandika kila kitu, pamoja na jina la mteja wa jana na mkataba wenye mipaka ya shamba la mtu mwingine. Ubao mkaidi humlazimisha mpiga chapa aandike jina upya, herufi kwa herufi, na kumwuliza mwenyewe: mzee wangu, Saidi hii ni ya d moja au mbili? Sijaona programu ya kukagua maandishi inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Mwenye haraka na asiyejali sifa hizi aweke CopyQ, au Klipper kama anatumia KDE. Hizo hushika mali hata ghala likifungwa. La sivyo aache programu wazi mpaka amalize kubandika. Nawe mteja, basi lipige honi litakavyo: soma jina lako kwanza, ndipo ulipe.