Wateja wa Banda la Kuku

Ukitaka kujua majirani zako wa hapa Usagara wamesomea nini, poteza kuku. Kabla hujamaliza kuokota manyoya, uwanja umejaa wapelelezi. Mmoja anainama kunusa, mwingine anapima nyayo kwa kiganja, na wa tatu, ambaye hata banda lenyewe hajaliona, ameshatoa hukumu tangu akiwa njiani: "Huyo ni nguchiro, wala usihangaike." Salamu yenyewe, mwangaluka, inafuata baadaye, kesi ikiwa imeshafungwa.

Nawataja kwa heshima, maana wanajua wanachosema. Tangu nianze kufuga kuku wa kienyeji kwenye njia panda hii, pale barabara ya kutoka Mwanza inapogawanyika, moja ikienda Shinyanga na nyingine Kigongo, wao ndio walionifundisha kusoma mabaki ya meza. Kifaranga akitoweka mchana kweupe, pasipo damu, mama yake akabaki anarukaruka na kupiga kelele, tazama juu: ni mwewe. Mayai yakiisha kiotani bila hata ganda kusalia, huyo ni kenge au nyoka; hao humeza bidhaa pamoja na kifungashio. Maganda yakikutwa yametapakaa chini ya jiwe, wamepita nguchiro wa mistari, wale wanaotembea kwa kundi. Nguchiro huyo ana ufundi wake: hulishika yai kwa miguu ya mbele, akaligeuzia mgongo jiwe, akalirusha kinyumenyume kati ya miguu ya nyuma likapasukie huko. Ukiangalia jinsi Mwanza ilivyojaliwa mawe, utaona mnyama huyu hakukosea kuchagua mkoa. Kuku akikutwa hana kichwa, kifua kimeliwa nusu, na wenzake wameuawa wakaachwa hapo hapo, mshuku kanu, mgeni wa usiku mwenye mkia wa pingili na tabia ya kuagiza asichoweza kumaliza. Na kuku akitoweka pamoja na kufuli, hapo wapelelezi hunyamaza, kila mmoja akakumbuka shughuli aliyoiacha nyumbani kwake.

Kumjua mwizi ni jambo moja, kumfanya lolote ni jingine. Wanyamapori wa nchi hii wana Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na ukitundika ngozi ya kanu ukutani kwa kumbukumbu ya ushindi, unaweza kuulizwa nyara ya Serikali imefikaje sebuleni. Shangazi yangu alipoelezwa haya alifikiri kidogo. "Kwa hiyo ni wa Serikali," akasema. "Basi Serikali ije ilipe alichokula." Kifuta jasho kipo kweli, ila kinahusu wanyama wakali na waharibifu, mambo ya tembo na viboko. Nguchiro hakufikiriwa. Nadhani waliotunga kanuni zile hununua mayai dukani.

Tukabaki na ulinzi wetu wenyewe. Fundi wa kwanza alileta ule wavu mwembamba wa kuku, wenye matundu ya pembe sita, akaukaza vizuri, akapokea chake akaondoka. Wavu ule kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Mnyama mwenye meno hauna cha kumwambia, na mwenye kucha hata hajisumbui nao, anachimba chini na kutokea ndani. Jirani mmoja, mzee aliyefuga tangu ujana wake, ndiye aliyetuonyesha dawa: wavu wa chuma mgumu wenye matundu madogo, uzikwe ardhini, kisha ncha yake ya chini ikunjwe kuelekea nje. Mchimbaji huanzia pale ukuta unapokutana na ardhi. Akikuta chuma chini ya miguu yake hapati akili ya kurudi nyuma hatua mbili akaanza upya. Hilo nalisema bila utani: lilifanya kazi. Kanu alizunguka banda usiku kucha, asubuhi tukakuta nyayo zake tu, na majirani wakaja kuzisoma hata hivyo.

Halafu mvua zikaanza, wakaja siafu.

Siafu hana habari na ukubwa wa tundu. Tena banda likishajengwa imara asiingie mtu, kuku nao hawana pa kutokea. Wanabaki kupiga kelele kizani huku wanatafunwa wakiwa hai. Vifaranga hawachukui muda. Tulitoka mbio usiku ule, mke wangu na beseni la majivu, watoto na tochi, mimi na ufunguo. Taa kubwa aliishika mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutusalimia. Sasa, huku Usukumani mtu na mama mkwe wake huachiana nafasi. Hamtazamani ovyo, hamkai mkeka mmoja, na kama njia ni nyembamba mmoja hupisha porini. Nami nimesimama mbele yake, mlango wa banda hautaki kufunguka, na siafu wameshapita magoti wanapanda. Heshima ina mpaka wake, na siafu wanajua hasa mpaka huo uko wapi. Nilijizuia kadiri mwanadamu anavyoweza. Mama mkwe, mwenye busara ya miaka mingi, akazima taa.

Kuku waliookoka waliokolewa na majivu, yaliyomwagwa kulizunguka banda lote, na tangu siku hiyo jivu la jikoni kwetu halitupwi. Mama mkwe aliondoka alfajiri. Hatujalizungumzia jambo lile na hatutalizungumzia.

Likaja shauri la kuchi. Kuchi ni yule kuku mrefu, mifupa mitupu, shingo imenyooka, na uso wa mtu aliyedhulumiwa urithi. Jogoo wake ni mpiganaji wa kuzaliwa, na Kanda ya Ziwa ana wapenzi wanaomnunua kwa bei ya kushangaza. Aliyetuuzia aliapa kwamba jogoo huyu akiwa uwanjani nguchiro hapiti. Pesa ikatoka. Ndani ya wiki moja jogoo alikuwa amempiga mbwa, amemfukuza kijana wa bodaboda akaacha pikipiki inanguruma peke yake, na amemzuia mama muuza dagaa langoni hadi akawa anapitishiwa hela juu ya michongoma. Nguchiro walipokuja, saa nne asubuhi, kundi zima, jogoo aliwatazama, akawasogelea taratibu, akaanza kula nao mabaki ya ugali.

Shemeji yangu wa Sengerema alipoisikia habari hiyo alicheka hadi machozi, na huyo naye ana sehemu yake hapa. Zamani akitaka kuja alipiga simu akiwa kwenye foleni ya kivuko kule Busisi. Tulipata muda wa kuchemsha maharage, kuyaunga, na kuyafikisha mahali ambapo kuchinja kuku kungeonekana fujo tu. Juni 2025 likafunguliwa Daraja la John Pombe Magufuli, kilomita 3 za lami juu ya maji. Wagonjwa wanawahi hospitali, samaki wanawahi soko, na shemeji anafika kabla maharage hayajapata joto. Mimi ni mpenda maendeleo. Ila hesabu ya faida za daraja lile ikitolewa, mitetea yangu ihesabiwe upande wa gharama.

Kwa vifaranga ni vita vya angani. Wanakua vizuri kwa vumbi la dagaa, ambalo huku ziwani hupatikana kwa bei nzuri, lakini harufu yake inawaita paka, kunguru na hao mwewe waliozoea kuokoteza mialoni. Ukiwalisha vifaranga ndio umetangaza mnada. Mtetea mwenyewe hujitahidi: ana mlio wa hatari ya juu na mlio mwingine wa hatari ya chini, na vifaranga huelewa kama wajifiche au wakimbie. Mke wangu naye anaijua milio yote miwili, kwa hiyo hutoka jikoni akiwa ameshaamua kama atazame angani au ashike fimbo. Tuna tenga la kuwafunikia wakiwa wachanga, na juu ya uwanja tumetandaza nyavu chakavu za wavuvi. Lakini huwezi kufunika Usagara yote.

Ndipo tukawapaka rangi. Ni mbinu ya watu wengi: kifaranga akiwa zambarau, mwewe humtilia shaka. Tulinunua rangi ya mikeka, tukawachovya mmoja mmoja, na kweli mwewe alizunguka juu, akatazama, akaenda zake. Jirani wa ng'ambo ya njia akaona. Naye akaenda duka lile lile, akanunua rangi ile ile. Kufika Jumamosi vifaranga wake na wangu walikuwa wamechanganyika barabarani, wote zambarau, wote umri mmoja, na kila nyumba ina hesabu yake, na hesabu hizo ukizijumlisha unapata vifaranga wengi kuliko waliopo.

Kesi ikaenda kwa balozi. Akaamuru kila upande ulete mtetea wake, wasimamishwe huku na huku, vifaranga waachiwe katikati wachague mama. Wazo zuri. Vifaranga wakaachiwa, wakamkimbilia mjukuu wa balozi, aliyekuwa na sahani ya dagaa. Tukaanza kubishana, kila mtu ameinamia chini anamwonyesha kifaranga wake kwa kidole, na mitetea miwili inapiga mlio wa hatari ya juu ambao mke wangu peke yake ndiye aliyeuelewa. Alipopiga kelele mwewe alikuwa ameshapanda na kifaranga mmoja, rangi yake ya zambarau inang'aa vizuri kabisa juani.

Kikapita kimya kifupi. Kisha jirani akasema yule aliyechukuliwa alikuwa wangu. Nami nikasema hapana, wangu nawajua, wala hawana mwendo ule. Balozi akafunga daftari lake. Kesi, akasema, itaendelea manyoya mapya yakishaota na rangi kuisha. Mpaka hapo vifaranga wote watakaa kwake, na dagaa tutapeleka kwa zamu, jirani wiki hii, mimi wiki ijayo.