Tulipoihama Meli ya Shemeji

Waswahili wa Houston tukishachoka kubishana kuhusu Simba na Yanga, tunahamia kwenye meli. Si meli za mizigo. Ni yale majumba meupe yanayong'oa nanga Galveston, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka mjini, yakawazungusha watu Ghuba ya Mexico kwa kula, kulala na kula tena. Kila ukoo una kampuni yake, na mtu akishapanda mara mbili huwezi tena kumwambia kitu. Ana kofia ya kampuni, mkoba wa kampuni, na kadi ya uanachama ambayo rangi yake hupanda cheo kadiri anavyojikusanyia alama.

Shemeji yangu wa Dallas, kaka wa mke wangu, rangi yake iko juu sana. Inampa haki ya kuingia melini kabla ya wenzake, chupa ya maji ya bure chumbani, na pini ya kubandika kifuani ambayo nimemwona nayo hata kwenye hitma. Miaka yote tulikwenda na kampuni yake kwa sababu yeye ndiye aliyekata tiketi, na mkata tiketi ndiye mwenye safari. Alituamsha alfajiri tukawahi viti vya bwawani kwa kuvitandika mataulo. Alitupangia saa za kula. Alipiga marufuku lifti za katikati, eti zina foleni. Usiku tu ndipo tulipopumua, maana baada ya chakula alikuwa na desturi ya kwenda peke yake "kupunga upepo", akarudi saa mbili baadaye anatafuna karafuu.

"Mwaka huu," mke wangu akasema, "nataka meli isiyo na kiranja."

Kikao kikakaa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Shemeji akaandika waraka ulioanza na salamu kwa ndugu zake wote, hai na marehemu, ukaishia na picha ya ile pini. Nikajaribu kumtuliza kwa kumweleza kwamba huko kuhama kampuni wala si kuhama sana. Kundi la Carnival ndilo lenye Princess, Holland America, Cunard na Costa. Wenye Royal Caribbean ndio wenye Celebrity. Wenye Norwegian ndio wenye Oceania na Regent. Unaweza kuondoka kwa hasira, ukabamiza mlango, kumbe umetoka sebuleni umeingia chumbani. Hata wakubwa wenyewe walianzia chungu kimoja: Ted Arison alikuwa mshirika wa Mnorwei Knut Kloster, wakagombana, Arison akaenda kuanzisha Carnival mwaka 1972 kwa meli kuukuu aliyoipa jina Mardi Gras. Safari yake ya kwanza ikakwama mchangani palepale nje ya bandari ya Miami, abiria wamo ndani. Nilidhani kisa hicho kitamchekesha. Akatuma pini tena.

Kampuni tuliyohamia jina lake nalihifadhi, kwa sababu mtoto wa jirani yangu ameomba kazi huko. Binti yetu ndiye aliyeipata kwenye simu, na bei ya kwanza aliyotusomea ilikuwa ya kumtoa mtu machozi ya furaha. Bei ya pili ilikuja na kodi za bandari. Ya tatu ikaja na tipu za wahudumu, ambazo katika meli hizi huwa dola 16 hadi 20 hivi kwa kila kichwa kwa kila siku, hata kichwa chenyewe kikiwa cha mtoto wa darasa la pili. Kisha intaneti. Kisha tukapewa zawadi: kifurushi cha vinywaji, pombe ya aina zote, bure. Sisi, ambao nyumbani kwetu hata siki inasomwa kibandiko chake kwanza. Kifurushi ni bure, bali tipu ya wale watakaokumiminia hicho cha bure unailipa mwenyewe, kila siku, unywe usinywe. Mke wangu alipopiga simu wakitoe, akaambiwa kukitoa kunabadilisha ofa yote, na bei inapanda. Kwa hiyo tukaenda baharini tukiwa tumelipia bia.

Mama mkwe, ambaye ni mtu wa Unguja na anaishi nasi, alikuwa na swali moja tu: nyama yao imechinjwa? Tukaandika barua, wakajibu kwamba chakula cha halali kinapatikana kwa kuagizwa mapema. Akaridhika, akafungasha ndimu.

Siku ya kupanda, kila mtu gatini alikuwa akipiga picha na ukubwa wa meli. Yeye alisimama upande wa tezi anasoma. "Mbona imeandikwa Nassau?" Nikamweleza kwamba nyingi ya meli hizi zimesajiliwa Bahamas, Panama au Malta, na kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli ya bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani zenyewe kwa zenyewe, ndiyo sababu mojawapo ukitokea Galveston, kampuni yoyote ile, utajikuta Mexico. Hakushangaa hata kidogo. "Si hata sisi Zanzibar tunawasajilia watu meli ambazo hatujawahi kuziona," alisema, akaendelea mbele.

Kwenye zoezi la usalama ndipo alipowashinda wote. Siku hizi unafika tu kituoni kwako, kadi yako inapigwa mashine, basi, ukaendelee na starehe. Watu wakapigwa mashine huku wameshika bilauri. Mama mkwe akagoma kuondoka. Alitaka aonyeshwe jaketi la mtoto liko wapi, na ni nani hasa atakayembeba huyu mdogo ikiwa sisi tuko upande wa pili. Kijana wa zamu alianza kwa kutabasamu, akaishia kufungua kabati na kuyahesabu mbele yake. Mtu wa Unguja aliyekuwapo Septemba 2011, Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, huwezi kumharakisha hapo. Nilisimama naye mpaka hesabu ikaisha.

Vyumba sasa. Binti yetu alikuwa amechagua ile bei ambayo kampuni ndiyo inayokupangia chumba kokote ilikobakiza. Kimoja kikapangwa omo kabisa, kingine tezi kabisa, vyote vya ndani, bila dirisha, kwenye meli inayozidi mita 300 kwa urefu. Mimi na mke wangu tukakaa tezi. Mama mkwe na wajukuu wakawa omo. Mtoto akisahau mswaki, ni safari. Siku ya kwanza watoto walikwenda na kurudi mpaka bibi yao akawasimamisha ukumbini: "Tezi na omo, marejeo ngamani," akawaonyesha chumba chao kilivyokuwa na giza saa sita mchana, na kwa mara ya kwanza methali ile ikawaingia.

Kitu kilichomsumbua si giza bali kibla. Ndani ya chumba kisicho na dirisha, chini ya vyuma vyote vile, dira ya simu ilikuwa inazunguka tu. Akatumia televisheni. Ipo chaneli inayoonyesha ramani na uelekeo wa meli mchana kutwa, chaneli ambayo abiria wengine huipita haraka wakitafuta filamu. Kutoka Galveston kwenda Cozumel meli inaelekea kusini-mashariki, na kwa pande zile kibla ni kaskazini-mashariki. Basi ukitazama omo, wakati wa kwenda kibla ni mkono wa kushoto, wakati wa kurudi ni mkono wa kulia. Mhudumu wa chumba, kijana wa Lombok, Indonesia, alipomkuta ametandika mswala alitoa salamu, akatazama ramani, akatikisa kichwa kukubali. Kuanzia hapo akawa mwanawe. Hawakuwa na lugha moja zaidi ya salamu na alhamdulillahi, na waliongea sana.

Tatizo lilikuwa mataulo. Kijana yule, kwa mapenzi, alimkunjia taulo likawa tembo, akaliweka kitandani, limevishwa miwani ya kusomea ya mama mkwe mwenyewe. Yeye haswali chumbani mwenye sanamu. Akamvua tembo miwani, akamkunjua, akamkunja upya kwa adabu kama taulo. Kijana akaona labda tembo hakupendeza. Kesho yake nyani, ananing'inia kwenye kiango cha nguo. Akateremshwa, akakunjuliwa. Kijana akaongeza bidii: bata wawili wamegusana midomo, kisha mnyama mmoja mwenye shingo ndefu aliyekula mataulo yote ya bafuni, mama mkwe akakosa la kujifutia. Nikajitolea kwenda kumweleza. "Wewe!" akanikataza. "Usimvunje moyo mtoto wa watu." Kila asubuhi akawa anambomolea, kila jioni anajengewa.

Usiku wa pili ukaja upepo wa baridi kutoka kaskazini, ule wa Desemba. Nahodha akatangaza kwamba bahari itakuwa ya wastani. Wastani huo uliangusha sahani kwenye bafe na kumlaza binti yetu sakafuni pale omo, ambako meli hupanda na kushuka kuliko kwingine kote. Korido zikajaa mifuko ya karatasi. Mama mkwe, aliyepanda majahazi ya Pemba kabla ya kuolewa, alikata ndimu, akampa kila mjukuu nusu anuse, akaenda peke yake kula pilau ya kuagizwa mapema. Alirudi na taarifa kwamba haina bizari ya kutosha.

Cozumel tukamkuta shemeji. Likizo ya shule ni ileile na visiwa ni vilevile, kwa hiyo meli yake ilikuwa gati la pili, imesimama kututazama. Tulikuwa tumeahidiana saa nne asubuhi. Tukafika saa nne yetu, yeye akafika saa nne yake akanuna, kwa sababu jimbo lile la Quintana Roo tangu mwaka 2015 halibadilishi saa, na wakati wa baridi liko saa moja mbele ya Houston. Meli yetu ikabaki na saa za Galveston, yake ikafuata za kisiwa. "Kwetu," alisema, "nahodha anawaheshimu wenyeji." Mapema asubuhi hiyo, meli yetu ilipokuwa inageuka kuingia gatini, mama mkwe alikuwa ameanza rakaa ya kwanza ya alfajiri ameelekea Makka, na mjukuu wake aliyekuwa akiangalia televisheni aliapa kwamba ya pili aliimalizia ameelekea Guatemala. Mwenyewe alisema msafiri ana ruhusa.

Tukakaa mgahawa wa ufukweni. Kwa sababu ya kile kifurushi chetu, mama mkwe alikuwa amejenga mazoea ya kunusa kila bilauri inayoletwa mezani kabla mtu hajaigusa, kwa makini ambayo sijawahi kuyaona hata forodhani Malindi. Akanusa ya binti yetu, maembe. Akanusa yangu, nanasi. Akanusa ya mke wa shemeji. Bilauri ya shemeji ilikuwa nyekundu, na mwamvuli mdogo wa karatasi juu yake. Mkono wa mama mkwe ukaipita ukachukua chumvi. "Juisi ya komamanga," shemeji akaeleza, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Alasiri simu zetu zote zikatwambia tumechelewa. Tukakimbia, mama mkwe katikati tumemshika huku na huku, kofia ya mtoto ikabaki barabarani, tukafika getini tunahema, mlinzi akatazama saa yake na kutuambia bado saa nzima na zaidi. Simu zilikuwa zimejihamishia saa za kisiwa bila kumuuliza mtu.

Kurudi, ukungu ulifunga mlango wa bandari ya Galveston, kama kawaida yake miezi ile, tukakaa nje tunasubiri. Ndipo karatasi ya hesabu ikapatikana chini ya mlango. Mama mkwe aliisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, akafika kwenye tipu ya vinywaji, akavaa buibui, akaenda kaunta. Mke wangu nyuma yake akitafsiri.

"Mwambie awaite hao walionibebea bia nisizokunywa," alisema. "Niwape mkono kwa mkono."

Msichana wa kaunta akaeleza. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, akasema amefahamu, sasa awaite. Akaitwa msimamizi. Foleni ikakua nyuma yetu, wengine wakaanza kuangalia karatasi zao nao. Mwishowe msimamizi akasema kwamba fedha hazirudi, ila kwa moyo mwema wa kampuni akamkabidhi vocha: kifurushi cha vinywaji, safari ijayo, nusu bei, na kinahamishika kwa jamaa yeyote wa familia.

Nilidhani ataichana palepale. Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye pochi.

"Nitampa kaka yako," akamwambia mke wangu. "Karafuu zimepanda bei."