Birika la Adele Linanihusu Nini?

Mpwa wangu yuko likizo. Anasoma fasihi chuo kikuu, mwaka wa pili, na tangu ashuke kwenye basi na begi lake hakuna kitu nyumbani kwangu ambacho bado ni kitu tu. Vyote vimekuwa ishara. Juzi paka kalala juu ya gazeti, nikaambiwa hiyo ni taswira ya jamii isiyosoma. Jamani, paka yule hulala popote. Wiki iliyopita alilala ndani ya sufuria.

Balaa lenyewe lilikuja Jumapili baada ya chakula cha mchana, saa ambayo mtu mzima mwenye akili zake anatakiwa awe amejinyoosha. "Mjomba, njoo nikuoneshe kitu," akaita, simu mkononi. Nikajua bando litakaloteketea ni langu, maana la kwake liliisha siku ileile aliyofika. Kitu chenyewe kilikuwa video ya "Hello" ya Adele. Nikamwambia hiyo naijua, ya 2015, niliiona saluni nikisubiri zamu ya kunyolewa. Dada wa Kizungu mapenzi yamemshinda, analia, upepo unampepea koti. Basi.

"Hapana, Mjomba. Wewe uliitazama. Hukuiona."

Haya.

Video hiyo ina dakika sita, na zaidi ya dakika moja ya mwanzo hakuna wimbo. Dada anafika kwenye nyumba kuukuu huko mashambani Quebec, Kanada. Anaongea na simu, mtandao unasumbua. Anaingia ndani, anavua mashuka yaliyofunika viti na meza. Bando langu linaungua, mtu anafanya usafi! Kisha anafumba macho, anayafumbua, ndipo anaanza kuimba. Mpwa wangu akaisimamisha hapo. "Umeona macho? Hapo masimulizi yanahama. Tunaondoka kwenye leo, tunaingia kwenye kumbukumbu."

Mimi nilidhani vumbi limemwingia.

Nisimwonee aliyeiongoza. Xavier Dolan alikuwa na miaka 26 tu, na mwaka mmoja kabla ya hapo alitoka Cannes na tuzo ya majaji. Sehemu ya video hiyo aliipiga kwa kamera za IMAX, zile za sinema za skrini kubwa kama ukuta wa ghorofa, nami nikaitazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka kona mbili. Kwa hiyo huenda kuna mambo yalinipita. Ilitazamwa mara bilioni moja kabla miezi mitatu haijatimia, na kwa ninavyomfahamu mpwa wangu, siwezi kuapa kwamba nusu yake si yeye.

Tukarudi kwenye mashuka. "Yale, Mjomba, ni moyo uliofungwa. Mtu hufunika samani anapoondoka mahali asipotarajia kurudi. Akiyavua, anafukua maumivu."

Nikainua macho nikaitazama sebule yangu. Makochi yana vitambaa vya kufuma, vyeupe, maua ya njano kwenye kingo. Meza ina kitambaa. Televisheni ina kitambaa. Redio, Mungu aiweke mahali pema, ilikufa miaka kumi iliyopita na mpaka leo iko pale juu na kitambaa chake. Hata jagi la maji lina kakitambaa kenye shanga pembeni. Sasa kama mashuka ya Adele ni moyo uliofungwa, basi kuanzia Tanga mpaka Sumbawanga nchi nzima imeachwa. Nikamuuliza mke wangu, ambaye huvifua vitambaa hivyo kila Jumamosi na ole wako uketi kabla havijarudishwa, vina maana gani kwake.

"Vumbi," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Ungedhani hoja imekufa hapo. Wapi. Tukahamia kwenye simu. Dada yule anatumia simu ya kukunja, na mwaka 2015 dunia nzima ilimcheka. Dolan akajitetea kwamba simu na magari ya kisasa humtoa mtazamaji kwenye hadithi na kumrudisha kwenye maisha yake ya kila siku. Mpwa wangu anaipenda hoja hiyo kiasi cha kuirudia mara mbili. Simu ya zamani, anasema, ni mtu anayepiga kwenda kwenye wakati ambao haupokei tena. Mimi nina kitochi mwaka wa nane huu, betri inakaa siku nne, nimekibadilisha kava mara moja. Ofisini hakuna aliyewahi kusema ninapiga kwenda kwenye wakati ambao haupokei. Wanasema mimi ni bahili.

Halafu birika. Katikati ya majonzi yote hayo dada anajitengenezea chai, na mvuke, nikafahamishwa, ni hisia zilizofungiwa zikitafuta pa kutokea. Nikauliza kama hisia hizo zinawekwa sukari. Sikujibiwa.

Kilichonisumbua kweli, nakiri, ni kile kibanda cha simu. Kiko katikati ya msitu, mimea imekimeza, na rangi ya picha yote ni ya kahawia, kama imechovywa kwenye chai ya rangi. "Mawasiliano yaliyokufa," akasema mpwa wangu kwa sauti ya mazishini. Nikamuuliza ni fundi gani alivuta waya mpaka porini, na bili alikuwa analetewa nani. Nilibisha kwa mazoea tu. Kichwani nilikuwa mbali. Yeye alizaliwa wakati simu za kadi zinakwenda zao, hajui mtu kupanga foleni kibandani jioni, kadi imelowa jasho kiganjani, na ukipata zamu uniti zinakimbia kabla hujamaliza shikamoo kwa baba mwenye nyumba ili akuitie unayemtaka. Cha mtaani kwetu kilibaki kiunzi, kikaotewa na majani mpaka mbuzi wakawa wanaingia kula humo ndani. Nacho kilikuwa kimepakana na kituo cha daladala, si msituni.

Lakini sikusema hayo. Nilisema video zetu za Bongo Fleva ni bora, hazimsumbui mtu. Binti anaondoka na gari, kijana anabaki kwa miguu. Mvua inanyesha nyumba moja tu, ile ya kijana, kwa sababu boza la maji lililokodiwa haliwezi kufika kwa jirani. Gari la kuazima, ukiangalia vizuri, ni lilelile lililoonekana kwenye video ya msanii mwingine mwezi uliopita. Kila mtu ameelewa, watoto wameelewa, bibi ameelewa. Nani anahitaji mhadhiri?

"Huo ni uwazi uliopitiliza," akasema.

Hapo ikabidi nimtolee silaha ya mwisho. Nikamwambia atafute "Nothing Compares 2 U" ya Sinéad O'Connor, ya 1990, aliyoiongoza John Maybury. Wimbo aliutunga Prince, lakini ukimsikia dada huyo wa Ayalandi unasahau kuwa una mwenyewe. Kuna vipande vichache akitembea na koti jeusi kwenye bustani ya Saint-Cloud, Paris, katikati ya masanamu. Hivyo viache. Sehemu kubwa ni uso, uso peke yake, kichwa kimenyolewa, anakutazama wewe uliyekaa. Hakuna birika, hakuna majani yanayopeperuka. Karibu na mwisho machozi yanamtoka, mawili, na hayakupangwa na mtu. Mwenyewe alieleza kwamba alimkumbuka mama yake, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1985. Mwaka huohuo wa 1990 MTV ikaipa tuzo ya video bora ya mwaka, akawa mwanamke wa kwanza kuichukua.

"Kwa hiyo chozi lile linawakilisha..."

"Chozi ni chozi," nikamkata. "Litakuwa linawakilisha maji?"

Akanitazama kama ninavyotazamwa na daktari wa meno. "Uliionea wapi, Mjomba? Si ulisema Bara televisheni ilikuja 1994?"

Ni kweli. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, sisi tukawa tunasimuliwa. Niliionea kwenye kanda, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa familia ya baharia. Mzee alirudi na deki kutoka safari, na kanda zilizorekodiwa Ulaya zenye matangazo ya sabuni katikati. Ilikuwa nyumba pekee ya mtaa yenye deki, na pekee yenye simu. Tulikuwa tunajaa sebuleni kwao vijana wote, tumekaa chini, na binti yao mkubwa ndiye aliyekuwa akirudisha kanda nyuma. Alikuwa hachoki kuirudisha ile. Walihama 1993, kuelekea wapi sikuwahi kupata uhakika. Hilo haliingii kwenye hoja.

Mpwa wangu hakusema kitu, jambo ambalo si kawaida yake. Simu yake ilikuwa imezima chaji kwa sababu ya Adele, basi akaokota kitochi changu mezani atume ujumbe kwa mama yake. Nikaegemea kochi, nikiamini nimeshinda. Nikasikia vidole vyake vinabonyeza, vinabonyeza, kisha vikasimama.

"Mjomba. Fundi Redio ni nani?"

"Fundi wa redio."

"Namba yake ina tarakimu sita."

"Ni namba ya zamani."

"Hii haiwezi kwenda popote, Mjomba. Na redio si ilikufa?"

Kule kwenye mchele kukawa kimya. Zile punje zilizokuwa zikigonga ungo hazikugonga tena.

Nikasema nadhani birika linachemka, nikaenda jikoni. Birika lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa kitambaa.