Kila Sarafu Ina Miaka Elfu

Watu wengine wakikosea hesabu, leo huzidisha na kesho hupunguza. Mkusanyaji wa sarafu za kale hana ugeugeu huo. Makosa yake yote huangukia upande mmoja: sarafu huwa kongwe zaidi, adimu zaidi na ya kisultani zaidi kuliko ilivyo. Hajaonekana bado aliyeokota dinari ya dhahabu ya Wafatimia akadhani ni kifungo cha koti.

Chukua pesa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Zanzibar. Upande mmoja ina jina la Sultani, upande wa pili mizani, pamoja na mwaka kwa tarakimu za Kiarabu: 1299. Mkusanyaji aliyejifunza tarakimu hizo juzi husoma, akahema, kisha akakumbuka kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Kumbe anacho kitu kilichomtangulia Ibn Battuta! Wa nyumbani wanaitwa, jirani naye anaitwa. Sifa humiminika mpaka atokee mtu wa kuuliza kama mwaka huo si wa Hijria. Ni wa Hijria. Kwa kalenda ya ukutani ni 1882 hivi, na karne karibu 6 zimeyeyuka chai ikiwa bado moto.

Pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki nayo ina hila zake. Ilitolewa kati ya 1890 na 1892, ikiwa na tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Tai akishasagika, hubaki Kiarabu peke yake, na hapo mwenye sarafu huishika kwa adabu, hata udhu akatia, kwa kuamini ni maneno matukufu. Aende kwa mwalimu wa madrasa, ataambiwa kwa upole: "Mwanangu, kwanza umeishika juu chini. Pili, hili ni jina la kampuni ya Wajerumani."

Lakini kazi hasa iko kwenye sarafu za Kilwa. Nyingi ni za shaba, ndogo, hazina mwaka wala jina la mji. Upande mmoja kuna jina la mtawala na la baba yake, na wa pili kuna maneno mafupi ya kumtegemea Mungu, yaliyopangwa ili vina vioane na jina. Sultani alikuwa akitembea na shairi lake mfukoni mwa raia. Mwenye macho mazuri anaweza kukisia jina kutokana na kina, endapo kina chenyewe hakijaliwa na chumvi ya bahari.

Tabu ni kwamba kuna Ali bin al-Hasan, kuna Sulaiman bin al-Hasan, na kuna al-Hasan bin Sulaiman. Shaba ikilika nusu, "al-Hasan" hubaki peke yake katikati, na hakuna ajuaye ni baba au ni mwana. Wakusanyaji wawili wanaweza kubishana jioni nzima juu ya ukoo wa mtu ambaye hata wajukuu zake hawapo kuamua.

Aliyeshindwa kusoma huamua kusafisha. Limau hukamuliwa, chumvi hunyunyizwa, mswaki wa zamani hutafutwa. Baada ya nusu saa kutu ya kijani imetoka yote, na imetoka pamoja na herufi zilizokuwa zimebaki. Sarafu sasa inang'aa vizuri sana na haisemi kitu.

Wataalamu nao hawajasalimika, ila wao huteleza kwa tanbihi. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, alimweka Ali bin al-Hasan kuelekea mwaka 1200. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, likafukuliwa fungu la sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, na miongoni mwake zimo zenye jina la Ali bin al-Hasan. Zilikuwa pamoja na dinari za Wafatimia za karne ya 11. Sultani akarudishwa nyuma zaidi ya miaka 100 bila kuulizwa.

Mtulivu kuliko wote alikuwa Maurie Isenberg, askari wa Australia. Mwaka 1944 aliokota sarafu 9 kwenye ufuo wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, akazitia ndani ya kopo na kuendelea na maisha. Zilikuja kutambuliwa mwaka 1979: 4 za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, 5 za Kilwa. Namna zilivyofika huko wanazuoni wanabishania hadi leo. Mkusanyaji wa kawaida asingelala hata usiku mmoja na kopo lile.

Dawa ya homa hii ipo, nayo ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa upande wa Tanzania Bara, inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Havichimbwi, haviuzwi wala kusafirishwa nje kiholela. Msomee mkusanyaji kifungu hicho, umtazame. Yule yule aliyetoka jasho akitetea karne ya 11 huanza kuona dalili za karne ya 20, na kutu aliyoapa ni ya enzi za Washirazi anasema ni unyevu wa masika iliyopita.